Leseni moja, majimbo arubaini: ada na adhabu zinazowakabili wauguzi na madaktari wetu Marekani

Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Isha, mama mmoja jirani yetu alinipigia hodi. Simu mkononi, huzuni usoni. Binti yake ni muuguzi Marekani, huu mwaka wa sita. Pesa anazotuma ndizo zinazomnunulia babake dawa na kumlipia nauli ya kwenda hospitali kila wiki, na ndizo zilizommalizia mdogo wake karo ya chuo. Ujumbe aliotuma siku hiyo ulikuwa mfupi: leseni yake imesimama, haruhusiwi kuingia kazini, na kuna mtu asema akilipwa dola 2,500 ataifungua.

"Mwanangu," mama aliniambia, "wewe ndiwe unayekaa na haya mambo ya kusoma. Hebu nieleze. Babake ashaanza kumtafuta dalali auze kile kiwanja cha Mtwapa."

Nilimwomba wasiuze kitu mpaka tuelewe. Niliyoyaelewa siku zilizofuata, kwa kusoma kanuni zenyewe na kwa kuzungumza na binti mwenyewe, ndiyo ninayoyaandika leo. Pwani hii ina nyumba nyingi ambazo chakula chao cha jioni kinategemea leseni ya mtu aliye mbali, na wengi wetu hatujui leseni hiyo inalipiwaje, inavunjikaje, na ikivunjika inamgharimu nini mwenyewe.

Kwa nini leseni ni ya jimbo na si ya taifa

Hapa Kenya muuguzi akisajiliwa na Baraza la Wauguzi, au daktari akisajiliwa na baraza lake, anafanya kazi Mombasa leo na Kisumu kesho bila kubadilisha karatasi. Marekani haiko hivyo. Kule kazi ya kutoa leseni za utabibu ni ya kila jimbo, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilithibitisha mamlaka hayo tangu mwaka 1889, katika kesi ya daktari mmoja wa West Virginia aliyekuwa akitibu bila cheti kilichotakiwa na jimbo lake. Kwa hivyo kuna bodi ya wauguzi ya Texas, kuna ya Florida, kuna ya California, na kila moja ina sheria zake, ada zake na adhabu zake.

Zamani, muuguzi aliyeishi mpakani, nyumba jimbo hili na hospitali jimbo la pili, alilazimika kulipia leseni mbili. Daktari aliyetaka kuwatibu wagonjwa wa majimbo matano alijaza fomu tano, akatuma vyeti mara tano na kungoja miezi. Dawa ya usumbufu huo ikawa ni mikataba baina ya majimbo. Majimbo yanakubaliana maneno yaleyale ya sheria, kila bunge la jimbo linayapitisha, kisha tume ya pamoja inasimamia utekelezaji.

Mikataba ni mingi: wauguzi wana wao, madaktari wana wao, wataalamu wa tiba ya viungo wana wao. Kosa kubwa linalofanyika ni kudhani kwamba yote inafanya kazi kwa namna moja.

Wauguzi: leseni moja inayovuka mipaka

Mkataba wa wauguzi unajulikana kwa herufi NLC. Ulianza kutumika mwaka 2000, na sura yake mpya ilianza tarehe 19 Januari 2018. Wanachama wake sasa wamepita 40. California na New York, majimbo mawili makubwa ambayo watu wetu wengi huyatamani, si wanachama.

Madereva wetu wa malori wataufahamu upesi wakifikiria ile kadi ya njano ya bima ya COMESA. Unaichukua kwenu, unavuka mpaka, na kule unakokwenda inatambuliwa. Muuguzi naye anachukua leseni ya majimbo mengi katika jimbo analoishi, na leseni hiyo inamruhusu kufanya kazi katika majimbo yote wanachama bila kulipia leseni nyingine. Ada analipa mara moja kwa jimbo la nyumbani, na huko huko ndiko anakohuisha leseni muda wake ukikaribia kuisha. Kiasi hupangwa na kila jimbo.

Neno la kushika hapo ni "jimbo analoishi". Si jimbo alikofanyia mtihani, wala jimbo lenye ada nafuu. Ni jimbo la makazi yake ya kweli, na bodi huliangalia kwa ushahidi: leseni ya gari, kadi ya mpiga kura kwa aliye raia, marejesho ya kodi ya serikali kuu. Muuguzi hawezi kuwa na leseni mbili za namna hii kwa wakati mmoja.

Ili aipate lazima awe amefaulu mtihani wa NCLEX, achukuliwe alama za vidole na kuchunguzwa rekodi ya jinai, asiwe na hatia ya kosa kubwa la jinai, na awe na nambari ya hifadhi ya jamii ya Marekani. Aliyesomea nje, kama vijana wetu wa vyuo vya uuguzi vya hapa, masomo yake lazima yakaguliwe na kulinganishwa na ya kule, na kama hakufundishwa kwa Kiingereza apimwe lugha. Mtihani wenyewe ada yake ni dola 200, na anayeufanyia nje ya Marekani huongezewa dola 150 na kodi juu yake. Pesa hizi ni mbali na za ukaguzi wa vyeti na za uhakiki kutoka baraza la nyumbani.

Siku sitini

Hapa ndipo alipojikwaa binti wa jirani. Leseni yake ilikuwa ya Texas. Aliolewa, akahamia kwa mumewe Colorado, akabadilisha leseni ya gari, akaanza kazi katika hospitali ya kule. Majimbo yote mawili ni wanachama, kwa hivyo akaona hana la kufanya. Mwaka ukapita.

Kanuni zinasema kwamba muuguzi akihamisha makazi yake kutoka jimbo mwanachama hadi jimbo jingine mwanachama, aombe leseni katika jimbo jipya ndani ya siku 60. Kuhama ni tofauti na kwenda kufanya kazi kwa muda: anayekwenda kwa mkataba wa miezi mitatu huku nyumba yake ikibaki Texas hahitaji kubadilisha kitu. Lakini aliyehama kweli lazima aombe. Akiomba mapema, anaendelea kufanya kazi kwa leseni ya zamani mpaka mpya itoke. Akinyamaza, leseni yake inakaa juu ya msingi ambao haupo tena, na siku mwajiri atakapolinganisha anwani na leseni, maswali yataanza.

Anayehamia jimbo lisilo mwanachama mambo yake ni mazito zaidi. Leseni yake hugeuka kuwa ya jimbo moja tu, na kule anakokwenda lazima aombe leseni kamili na kulipa upya. Akifanya kazi California kwa leseni ya Texas, kisheria anafanya kazi bila leseni, hata kama yeye ni muuguzi bora kuliko wote wodini.

Wale wanaofanya kazi kwa simu au kwa kompyuta wakiwa nyumbani nao wajue hili: kinachohesabiwa ni mahali alipo mgonjwa. Muuguzi amekaa sebuleni kwake Texas, mgonjwa yuko California, basi ni leseni ya California inayotakiwa.

Madaktari: mlango wa haraka, lakini kila chumba na kodi yake

Mkataba wa madaktari, IMLC, ulianza kutoa leseni mwaka 2017, na wanachama wake pia wamepita 40. Huu hautoi leseni moja ya majimbo mengi. Unatoa njia fupi ya kupata leseni nyingi, na kila leseni inalipiwa peke yake.

Daktari anaanza kwa kuonyesha jimbo lake kuu. Linaweza kuwa jimbo anamoishi, au anamofanyia angalau asilimia 25 ya kazi yake, au alipo mwajiri wake. Akikosa yote matatu, linakuwa jimbo alilolitaja kuwa makazi yake kwa ajili ya kodi ya serikali kuu. Jimbo hilo linamchunguza na kutoa barua ya kwamba anastahili.

Ada ya ombi hilo ni dola 700, yapata shilingi 90,000 za kwetu. Dola 300 huenda kwa jimbo kuu, 400 kwa tume. Pesa hizo hazirudishwi, hata jibu likiwa ni kwamba hastahili. Barua ikitoka hudumu siku 365, kisha kwa kila jimbo analolichagua analipa ada ya jimbo hilo. Kuna majimbo yanayotoza chini ya dola 100 na mengine hupita 700. Wakati wa kuhuisha, kila leseni ina ada yake ya jimbo, na tume huongeza dola 25 kwa kila moja. Daktari mwenye leseni nane ana bili nane.

Kwa vile pesa hairudi, busara ni kujipima kabla ya kulipa. Anatakiwa awe tayari na leseni kamili isiyo na kizuizi katika jimbo mwanachama, awe amemaliza mafunzo ya ubingwa yanayotambuliwa kule, awe amefaulu kila sehemu ya mtihani wa USMLE bila kupita majaribio matatu, na asiwe na historia ya kuadhibiwa na bodi wala hatia ya jinai. Daktari aliyehitimu Nairobi na hajafanya mafunzo hayo kule, mlango huu bado si wake. Anayemuuzia "huduma ya IMLC" akiwa hapa hapa Kenya anamla pesa zake.

Adhabu inavyosafiri

Faida ya mkataba ni kwamba ruhusa inavuka mpaka. Basi na adhabu inavuka vilevile, na katika hili mikataba haina mchezo.

Sababu iko. Kulikuwa na daktari Mmarekani aitwaye Michael Swango. Mwaka 1985 alitiwa hatiani Illinois kwa kuwatilia sumu wafanyakazi wenzake, akafungwa. Alipotoka alighushi karatasi, akapata kazi ya udaktari South Dakota mwaka 1992, kisha New York mwaka 1993. Alipogundulika alikimbilia bara letu, akaajiriwa katika hospitali ya misheni nchini Zimbabwe. Alikamatwa mwaka 1997 katika uwanja wa ndege wa Chicago akiwa njiani kwenda kufanya kazi Saudi Arabia. Mwaka 2000 alikiri kuwaua wagonjwa watatu huko New York, akafungwa maisha. Mtu kama huyo anaishi kwa nyufa zilizo baina ya jimbo na jimbo. Kanuni za leo zimeandikwa kuziba nyufa hizo, na katika kuziba huwagusa pia watu wema waliokosea karatasi.

Kwa daktari wa IMLC, mambo ni hivi. Jimbo lake kuu likimfutia au kumsimamishia leseni, leseni zote alizopata kupitia mkataba zinaanguka katika hali hiyo hiyo papo hapo, bila kesi nyingine. Jimbo kuu likimrudishia, yale mengine hayafuati moja kwa moja. Kila bodi lazima iamue yenyewe. Kuanguka ni mara moja, kuinuka ni hatua kwa hatua.

Na kama aliyemfutia au kumsimamisha ni jimbo jingine, si lile kuu, leseni zake katika majimbo mengine wanachama husimamishwa siku 90 ili kila bodi ichunguze. Bodi inaweza kuufupisha muda huo. Lakini fikiria siku tisini bila mshahara, kodi ya nyumba na mkopo wa gari vikiendelea, na nyumbani Mombasa watu wakingoja mwisho wa mwezi.

Kwa muuguzi, jimbo la ugenini haliwezi kumfutia leseni yenyewe, kwa kuwa hiyo ni mali ya jimbo la nyumbani. Linaloweza ni kumwondolea ruhusa ya kufanya kazi ndani ya mipaka yake na kumwamuru aache mara moja. Kisha linapeleka taarifa, na jimbo la nyumbani linatakiwa lilipe kosa hilo uzito uleule kama lingetendeka kwake. Likimwadhibu, ruhusa yake katika majimbo yote ya mkataba inazimika mpaka vikwazo vyote viondolewe. Kumbukumbu hizi zinakaa katika mfumo uitwao Nursys, na mwajiri yeyote anaweza kuangalia kama leseni iko hai.

Yako pia ya mfukoni. Mkataba wa wauguzi unairuhusu bodi kumdai muuguzi aliyeadhibiwa gharama za uchunguzi na za kuendesha kesi, iwapo sheria ya jimbo inaruhusu. Kwa wataalamu wa tiba ya viungo, aliyenyang'anywa ruhusa katika jimbo moja anaipoteza kwa wanachama wote, na haipati tena mpaka muda wa adhabu uishe, faini zote ziwe zimelipwa na miaka miwili ipite tangu siku ya adhabu. Mwenye kudhani faini ndogo ya jimbo dogo si kitu, atakuta hiyo ndiyo inayomfungia mlango kila mahali.

Si kila kinachoitwa faini ni faini ya bodi

Sasa nirudi kwa zile dola 2,500. Nilimuuliza binti maswali matatu. Barua ya bodi iko wapi? Ina nambari ya kesi? Pesa zinatakiwa zilipwe kwa nani? Barua haikuwapo. Nambari haikuwapo. Mlipwaji alikuwa "wakala" aliyempata katika kikundi cha WhatsApp cha Waafrika Mashariki, na alitaka atumiwe kwa jina lake binafsi.

Bodi haifanyi kazi hivyo. Hatua ya bodi huja kwa maandishi, ina jina la muuguzi na sababu, ina muda wa kujibu, na mtu ana haki ya kujitetea na kuwa na wakili. Hakuna mtu wa kati "anayefungua" leseni. Bodi nyingi za kule zimewaonya wataalamu kuhusu matapeli wanaopiga simu wakijifanya maafisa wa bodi na kutisha watu leseni zao zitafungwa wasipolipa upesi.

Aina ya pili ya "faini" ni ya wakala wa ajira. Muuguzi anayepelekwa na wakala huwa amesaini kufanya kazi miaka miwili au mitatu, na mkataba wake una kiasi cha kulipa akiondoka mapema. Hilo ni jambo baina yake na wakala, halihusiani na bodi, na wala si kila kiasi kilichoandikwa ni halali. Mwaka 2019 mahakama ya serikali kuu huko New York, katika kesi ya wauguzi Wafilipino, iliamua kwamba kipengele cha kuwatoza dola 25,000 kwa kuacha kazi hakikubaliki kisheria, na kwamba kilitumika kuwatisha wasiondoke. Mzazi anayeambiwa "binti yako anadaiwa" aulize kwanza: anadaiwa na nani?

Lililompata binti, na la kufanya sisi

Ukweli ulikuwa mwepesi kuliko hofu. Hakuna bodi iliyomfungulia kesi. Hospitali ndiyo iliyomsimamisha zamu baada ya kuona anakoishi hakulingani na leseni. Aliandika maombi katika jimbo jipya, akaeleza ukweli kuhusu ucheleweshaji wake, akalipa ada ya kawaida na kuchukuliwa tena alama za vidole. Alikaa wiki kadhaa bila kipato. Hapa mtaani tulichangishana tukamsaidia mzee dawa za muda huo. Leseni ilitoka, alhamdulillahi. Kiwanja cha Mtwapa kiko pale pale.

Lau pesa ile ingetumwa, kiwanja kingekwenda, leseni isingefunguka, na kuficha kwake kungekuwa kosa la pili juu ya la kwanza.

Kwa walio kule, ushauri wangu ni huu. Weka daftari la leseni zako: jimbo, tarehe ya kuisha, ada, anwani uliyoiandikisha. Mali bila daftari huisha bila habari. Ukihama, bodi iwe ya kwanza kujua. Ukipata barua ya bodi usiifungie kabatini, na usisaini kusalimisha leseni ili yaishe kabla ya kumwona wakili. Kwa daktari wa mkataba, kusalimisha leseni ili kukwepa adhabu kunahesabiwa sawa na kufutiwa.

Kwa sisi wa huku, tuache kuwafanya watoto wetu waone haya kusema wamekwama. Binti huyu alikaa siku kumi na moja kabla ya kumwambia mamake, kwa kuwa alijua nyumbani watu wameshazoea kwamba yeye hakwami. Katika siku hizo kumi na moja ndipo yule wakala alipompata.

Na viongozi wetu nao wana somo hapa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inataka nchi zetu zitambuliane vyeti vya wataalamu. Siku muuguzi wa Lunga Lunga atakapovuka kufanya kazi Tanga bila kuanza upya, tuwe tumeshaandika waziwazi analipa nini, kwa nani, na akikosea hukumu inatoka wapi. Wamarekani wameyaandika hayo mpaka idadi ya siku. Sisi tusingoje mpaka mzee wa mtu awe anamtafuta dalali usiku.